Matoka Kwenye Njia ya Bomba

Juzi walipita hapa kwangu Gatongora vijana wawili na msichana mmoja, wamevaa kofia za plastiki na fulana za kumeremeta, wanapanga vibendera kando ya barabara. Nikawauliza ni vya nini. Msichana akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, ni sewer, bomba ya maji chafu. Kabla waanze kuchimba, tunaangalia kama kuna kitu ya zamani huko chini." Nikacheka mpaka nikakohoa. Wakadhani ni uzee tu. Kumbe kazi hiyo hiyo niliifanya katika udongo huu huu kabla baba zao hawajazaliwa. Waliniomba niwasimulie, lakini mkubwa wao akapiga simu, wakaenda. Basi nawaandikia. Nikirukaruka mnisamehe, na kama mnatafuta hadithi ya kuwachangamsha, tafuteni mzee mwingine.

Kwanza niwaambie jinsi ya kutembea, maana niliwaona mnatembea vibaya. Mlikuja jua likiwa utosini. Saa sita mchana ardhi imelala. Kokoto na kigae cha chungu vinafanana. Tembea asubuhi, jua likiwa bado chini mbele ya uso wako, na kila kilichochomoza kitakuonyesha kivuli chake. Tembea mvua kubwa ikishaosha vumbi. Na ukikuta kichuguu cha fuko, piga magoti, kwa sababu fuko huchimba bila mshahara na kuleta juu vitu ambavyo wewe ungetoa jasho kuvifikia. Mulwa alikuwa akivua kofia mbele ya kichuguu cha fuko kama mtu aliyeingia kanisani.

Mulwa ndiye aliyekuwa nyapara wetu. Alikuwa Mkamba wa kule mashariki ya Thika, mtu wa kanisa asiyeonja pombe, lakini ukimkanyagia kigae alikutukana mpaka ukoo wako wote ukasikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima mfupa kwa ulimi: mfupa mkavu hung'ang'ania ulimi, jiwe haling'ang'anii. Siku zangu za kwanza nililamba kila kitu. Mara nikapata kipande cheupe, nikakilamba, kikanasa vizuri sana. Nikakimbia kumwonyesha. Mulwa akakigeuza, akakinusa, akaniangalia kwa huruma.

"Wee Njuguna," akasema, "hii ni mavi ya fisi. Imekauka tu."

Aliniita Fisi mwezi mzima. Nawaambia haya ili mjue kwamba nilicheka pia katika kazi ile. Mengine hayanichekeshi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwenye magoti mekundu, ambaye watu walimwita Bwana Vigae. Alipenda vipande vya vyungu kuliko chakula. Palikuwa na mpango wa kutandaza bomba la maji kutoka upande wa Ruiru kupita Kalimoni hadi Thika, katikati ya kahawa na mkonge, na yeye akawaomba watu wa maji wamruhusu apitishe watu wake mbele ya mfereji. Wakamruhusu, nadhani ili awaondokee. Tulikuwa na vigingi vya aina mbili. Pasipokuwa na kitu tulipiga kigingi cheupe: chimbeni. Palipokuwa na kitu cha kale tulipiga vigingi vyekundu kuzunguka mahali hapo: msiguse.

Na palikuwa na sheria moja. Kioo, kifungo, bati, sahani ya chuma iliyopakwa rangi, hivyo havikuwa vyetu. Mulwa aliiweka hivi: "Kitu mama yako anaweza nunua dukani si ya kale. Pita."

Sasa niwaambie zilikuwa siku gani. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wetu waliokuwa msituni. Mnaisoma shuleni kwa kurasa mbili tatu, basi. Waskwota, yaani watu wetu waliokuwa wakiishi na kulima pembezoni mwa mashamba ya Wazungu, walikuwa wametolewa nyumbani mwao na kuwekwa vijijini, ndani ya ua wa miti na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Nje ya ua huo ardhi ilibaki tupu. Sisi tulipita na pasi iliyotiwa sahihi na Bwana Vigae, na hata hivyo mimi, kwa kuwa ni Mkikuyu, nilisimamishwa kila kona.

Tulikuta maboma yaliyochomwa. Mafiga matatu bado meusi, jiwe la kusagia, sahani imetobolewa, kiatu cha mtoto. Tukatazama, tukakumbuka sheria, tukapiga kigingi cheupe. Nyumba nzima ya watu wanaojulikana majina, na kwa kazi yetu hapakuwa na kitu. Mita chache mbele ungepata kigae kimoja cha mtu asiyejulikana hata na Mungu, na Bwana Vigae angepiga magoti akishangilia. Kazi ile niliipenda, sitadanganya. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia, na tangu siku hizo vitu hivyo viwili sijaweza kuvitenganisha.

Nyuma yetu mfereji ulichimbwa na wanawake. Hili pia hamjaambiwa vizuri. Asubuhi lango la kijiji lilifunguliwa, wanawake wakahesabiwa na ngati, wale askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali, kisha wakatolewa na majembe kwenda kazi ya lazima. Wenye watoto mgongoni walihesabiwa mbali na wasio na watoto. Jioni walihesabiwa tena. Nikumbusheni nilirudie hilo.

Upande huu wa Kalimoni tulipata kitu kikubwa kuliko vyote: tanuri la kuyeyushia chuma. Mulwa aliona kwanza mavi ya chuma yametapakaa, meusi na mazito, kisha vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Tukakwangua taratibu kwa mwiko wa mwashi, na duara la udongo ulioungua likatokea. Bwana Vigae aliketi chini akafunika uso wake. Wahunzi wetu walikaa hapo, akasema, kabla ya kahawa, kabla ya reli, kabla ya babu ya babu yangu. Mimi mwenyewe nilisikia fahari ambayo sikuwa nimeisikia tangu Hali ya Hatari ianze. Tukapiga vigingi vyekundu pande zote.

Bwana Vigae akaenda kwa injinia, wakagombana siku nzima, na akashinda. Bomba lipindwe. Na lipindwe wapi? Hapa sikilizeni, maana ni ujuzi wa kazi. Tulikuwa na desturi ya kupeleka bomba kwenye mpaka wa kale, kwa sababu kwenye mpaka hakuna mtu aliyejenga wala kufukia kitu. Na mpaka wa Wakikuyu hauhitaji ramani. Unapandwa matoka, yale maua yenye kiazi kinene kama kitunguu, ambayo hata ukilima, hata moto ukipita, mvua ikinyesha yanachipuka tena. Hakuna mtu wa kwetu anayeng'oa matoka. Laana yake inamla yeye na watoto wake, lakini mfereji ulikuwa wa Wazungu, nasi tuliwaonyesha mstari tu. Tukaona matoka bondeni, tukaona matoka kule juu kwenye mkonge, na katikati tukaona mengine. Mulwa akavuta kamba kutoka fungu hadi fungu, tukapiga vigingi vyeupe, tukaenda kunywa chai.

Yale ya katikati hayakukaa safu. Yalikaa mviringo mdogo. Sisi tuliyaona hivyo, tukafikiri fuko ameyasogeza.

Kesho yake wanawake waliletwa kufyeka vichaka kwenye mstari mpya. Mmoja wao aliomba maji, ngati akamruhusu aje kwenye debe letu. Nilimfahamu kwa sura: Nyina wa Kimani, yaani mama yake Kimani, mdogo kidogo kwa umri kuliko mama yangu, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe cha kanisa. Alikunywa, akasema kwa Kiswahili ili Mulwa naye asikie.

"Hiyo kamba yenu inapita juu ya mtoto yangu."

Nikamwita mama kwa lugha yetu: "Maitu, hapo ni mpaka."

"Si mpaka. Ni mimi nilipanda. Kimani alikufa na surua huko kijijini, wakanipea ruhusa nimzike nje. Msalaba ingefanywa kuni. Nikasema nitaweka matoka, hakuna mtu anaweza chimba matoka." Alifuta mdomo. "Sasa mmepeleka mfereji hapo kwa sababu ya hiyo matoka."

Alichokitegemea kumlinda mtoto ndicho kilichotuita. Kosa hilo Mzungu asingelifanya, maana asingejua matoka ni nini. Lilihitaji watu wanaojua.

"Na wenye kuchimba hapa ni sisi," akasema. "Wiki ijayo. Mimi sikatai kazi, baba. Wamenichapa nikazoea. Lakini naomba kitu moja. Jembe yangu isiwe ndio itamgusa."

Mulwa alikwenda kando akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jioni tulimweleza Bwana Vigae. Nitamtendea haki: alikwenda kwa injinia usiku huo huo, na hakurudi na uso mzuri. Akasema na sisi kwa Kiswahili chake cha shambani, "Injinia hapana taka. Yeye nasema napinda bomba mara moja kwa sababu ya vyungu, hapana pinda tena kwa sababu ya mtoto moja. Na mtoto hapana ya zamani. Hapana kazi yetu." Akawasha kiko, kikazima, akakiwasha tena. "Lakini kama nyinyi nachimba pale shimo ya kutafuta vyungu, nani naweza uliza?"

Basi tukachimba. Mjue hilo lilikuwa jambo gani kwangu. Kwetu kugusa maiti ni thahu, ni najisi inayohitaji kuondolewa kwa kondoo na mganga, na ubatizo wangu haukuwa umeniondolea hofu hiyo. Isitoshe, mtu yeyote aliyefukua ardhi siku zile alishukiwa kuficha bunduki. Tulifanya mchana, kwa kamba za kupimia na chekecheo, kama kazi ya kawaida, na ngati akatukaribia, akatutazama tukichekecha udongo, akaona ni upuuzi wetu wa kila siku, akaondoka.

Niliondoa kiazi kimoja kimoja kwa mkono. Chini yake tulikwangua kwa mwiko, tukapangusa kwa brashi ndogo, kama alivyotufundisha Mulwa kwa vyungu. Udongo mwekundu wa Ruiru hula mifupa, na wa mtoto huula upesi, lakini muda ulikuwa bado haujapita mwingi. Tulimpata ndani ya kipande cha blanketi. Karibu na kichwa palikuwa na kikombe cha chuma, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kwa sheria yetu kile kilikuwa takataka ya juzi. Mulwa alikipangusa kwa brashi mpaka kikang'aa, huku akiomba kwa Kikamba chini kwa chini. Sijawahi kuona kazi safi kama ile tuliyofanya siku hiyo, na sijaifanya tena.

Tumpeleke wapi? Tuliwaza, tukaona hakuna mahali salama kuliko ndani ya vigingi vyekundu, kando ya tanuri. Injinia mwenyewe alikuwa ametia sahihi kwamba pale hapatachimbwa kamwe. Tukamlaza hapo na kikombe chake, tukapanda matoka juu, mviringo. Nyina wa Kimani alikuwa mbali kwenye kikosi cha kufyeka. Hakuweza kuja. Nilinyoosha mkono nikamwonyesha mahali, naye akanyoosha panga lake juu, akarudi kufyeka. Usiku ule nililala vizuri.

Mkitaka, someni mpaka hapo tu, mwende zenu mkiamini kwamba kazi hii inafaa kitu.

Bwana Vigae aliugua, akapelekwa kwao, na hakurudi. Mimi na Mulwa tukahamishiwa upande wa mwisho wa mstari, karibu na Thika, tukabeba pima na kamba kwa watu wasiojali kama tumekanyaga kigae au keki. Injinia naye akabadilishwa. Aliyekuja alitazama ramani akaona bomba limepindwa, akataka kujua viwiko viko wapi, vile vipande vya bomba vya kukatia kona. Viwiko havikuwa vimefika. Vilikuwa melini, au vilisahauliwa, sijui. Yeye alikuwa na mabomba yaliyonyooka na tarehe ya kumaliza. Akaamuru mstari unyooshwe kama ulivyokuwa mwanzo. Vigingi vyekundu vilikuwa vimeshakwenda. Kambi ya wajenzi ilivitumia kukokea moto wa chai.

Haya yaliyofuata sikuyaona. Nyina wa Kimani alinieleza mwenyewe, siku nyingi baadaye.

Kikosi cha wanawake kililetwa kwenye tanuri. Akayaona matoka. Akaenda kwa ngati akamwomba apewe kipande kile cha mfereji peke yake, atakimaliza kabla ya jua kushuka. Ngati akadhani ameingiwa na wazimu, lakini kazi ni kazi, akamwachia. Wenzake walipoona anaweka jembe chini na kuchimba kwa mikono, wale waliojua waliwaambia wasiojua, wakageuza migongo wote, wakachimba kwao. Tanuri la wahunzi, ambalo Bwana Vigae alilililia, wanawake hao walilivunja siku hiyo hiyo kwa majembe. Hakuna aliyelitazama.

Alimtoa Kimani, na kikombe. Akavua shuka yake ya juu, akamfunga mgongoni, fundo kifuani, jinsi mama yeyote anavyombeba mtoto, akamaliza mfereji wake akiwa naye mgongoni. Jua lilipokuwa linashuka wakapanga mstari kurudi kijijini. Alikuwa amekata shauri: atamzika ndani ya ua, chini ya kitanda chake ikibidi, mahali ambapo hakuna bomba litakalopita.

Langoni wakahesabiwa, wenye watoto huku, wasio na watoto kule. Ngati wa langoni hakuwa yule wa mferejini. Akamshika bega.

"Wewe ulitoka bila mtoto."

"Huyu ni mtoto yangu," akasema.

Ngati akafunua shuka, akaona. Aliniambia kwamba kijana yule aliogopa, wala hakumpiga. Lakini filimbi ya kufunga lango ilikuwa imeshalia na mkubwa wake alikuwa anatazama.

"Ulitoka bila mtoto," akasema tena, "hurudi na mtoto. Weka hapo."

Akamweka hapo. Nje ya lango, kando ya handaki, ndani ya shuka, na kikombe. Akaingia. Lango likafungwa.

Asubuhi lilipofunguliwa hapakuwa na kitu. Si shuka, si kikombe. Pengine yule kijana alimfukia gizani kwa aibu. Pengine fisi, lakini fisi hali kikombe. Aliuliza, akachapwa, akaacha kuuliza.

Hali ya Hatari ilipokwisha, ua ukang'olewa na watu wakatawanyika. Alinitafuta. Hakunilaumu, ingawa nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa na ningefurahi. Alisema tu, "Baba, wewe ulifundishwa kuona kitu iko chini. Niangalilie." Nikaenda. Nilienda asubuhi jua likiwa chini, nilienda baada ya mvua, nilipiga magoti kwa kila kichuguu cha fuko kuzunguka handaki lile la zamani. Nilipata vifungo, maganda ya risasi, masufuria. Yote tuliyokuwa tukiyaita takataka nikayaokota moja moja. Yeye hakuwahi kuuliza nimepata nini. Tukikutana sokoni Ruiru, au nje ya kanisa, aliniangalia na kuuliza, "Umeona?"

"Bado, maitu."

Miaka yote hiyo, maneno hayo tu. Bomba lilipoletwa hadi mlangoni mwake hakuligusa. Alikinga maji ya mvua kwenye beseni, na kiangazi alikwenda mtoni na mgongo umepinda. Watoto wa jirani walimcheka. Mimi nakunywa, maana sina nguvu za kwenda mtoni, na sijawahi kunywa bila kukumbuka.

Amekufa sasa, na mahali pale pamekatwa ploti. Wanajenga magorofa. Mulwa naye alishatangulia. Msichana wa vibendera, wewe uliyeniita guka, ukifika huko katika kazi yako, utafundishwa kwamba kitu kilichonunuliwa dukani si cha kale, upite. Siamini tena ujuzi wowote niliofundishwa, kwa hiyo sikupi ujuzi. Nakuomba tu. Ukikuta kikombe cha chuma, cheupe, chenye ukingo wa buluu, usikitupe. Pangusa udongo wa pembeni taratibu, kwa brashi. Kisha uje uniambie, na kama sipo, nenda kwenye kaburi la Nyina wa Kimani, nyuma ya kanisa, umwambie umeona.